Kiyoyozi Kimekufa: Tununue Kingine au Tufungue Madirisha?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo huenda wengine mkashangaa kulikuta hapa, yaani gharama ya kubadilisha kiyoyozi cha nyumbani. Mtu atauliza, wauguzi na viyoyozi wapi na wapi? Hayo si mambo ya mafundi na ya wenye nacho? Hata sisi tungesema hivyo hivyo, kama si mgonjwa mmoja tuliyempokea wodini mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, joto la hapa kwetu pwani lilipokuwa limeshika kasi.

Alikuwa bibi wa miaka zaidi ya sabini, mgonjwa wa presha wa siku nyingi. Waliomleta walisema ana malaria iliyompanda kichwani, kwa sababu mwili ulikuwa wa moto, alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka na hakuwatambua wajukuu zake. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimpima sukari, ilikuwa sawa. Ulimi wake ulikuwa mkavu, mkojo ulikuwa kidogo sana na wa rangi ya chai ya rangi, na kipimajoto kilionyesha nyuzi 40. Bibi yule alikuwa ameshikwa na joto. Mwili wake ulikuwa umeshindwa kujipoza.

Tulipowauliza watoto wake hali ya nyumbani, walitueleza. Miaka kumi na moja nyuma walimtoa mama shamba na kumleta mjini, wakamwekea kiyoyozi chumbani ili apumzike vizuri. Ili ubaridi usitoke, dirisha moja liliondolewa na mahali pake pakajengwa kwa matofali. La pili liliwekwa kioo kizima kisichofunguka, na wavu ukatolewa. Kisha kiyoyozi kikafa. Fundi akasema hakifai tena, kinunuliwe kingine, na gharama yote ni 1,480,000. Watoto watano wakaanza kuchanga. Wiki ya tatu walikuwa wamefikisha 900,000, na kila siku walimwambia mama yao, "Vumilia mama, bado kidogo tu." Muda huo wote mama alikuwa analala ndani ya chumba chenye bati juu na dirisha lisilofunguka, mlango ukifungwa usiku kwa kuogopa wezi.

Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Walimpenda mama yao, na ndiyo maana walikuwa wanahangaika na michango. Lakini akili zote zilikuwa kwenye mashine. Hakuna aliyefikiria dirisha.

Kwa neema ya Mungu bibi alipona. Tulimpoza kwa vitambaa vya maji na feni, tukamwekea dripu, na siku ya sita alirudi nyumbani akiwataja wajukuu wote kwa majina. Tangu hapo tumeona ni vema tulieleze jambo hili kwa familia zote za parokia zetu, ili mwenye kiyoyozi na asiye nacho wajue cha kufanya.

JOTO LINAFANYA NINI MWILINI?

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki kwenye nyuzi 37 hivi. Joto likizidi, mishipa ya damu ya kwenye ngozi hupanuka ili damu ipeleke joto nje, nasi tunatoka jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi linaondoka na joto. Ndiyo sababu upepo unaburudisha: unakausha jasho upesi.

Hapa pwani tuna shida ya ziada. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho linatiririka badala ya kukauka. Mtu analowa shuka lakini mwili haupoi. Moyo unalazimika kufanya kazi zaidi, maji na chumvi vinapungua mwilini, na figo zinapata damu kidogo. Kijana mwenye nguvu atasikia uchovu tu, lakini wapo ambao mwili wao hauna akiba ya kutosha:

1. Wazee. Jasho lao hupungua na hawasikii kiu upesi, hata kama maji yamewapungua.

2. Watoto wachanga na watoto wadogo, ambao hawawezi kusema wala kujifunua wenyewe.

3. Mama wajawazito.

4. Wagonjwa wa moyo, presha, figo na kisukari. Wengi wao wanatumia vidonge vya kupunguza maji mwilini, ambavyo ni vizuri na vya lazima, ila wakati wa joto kali vinahitaji uangalizi. Msiviache wala msivipunguze wenyewe. Njooni kliniki mtueleze.

5. Wenye siko seli. Mwili ukikauka maji, maumivu yao huweza kuanza.

6. Waliopooza na wasioweza kujigeuza wala kujichotea maji.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chumba wanamokaa watu wa namna hii kisizidi nyuzi 32 mchana. Kipimajoto cha ukutani si ghali. Kama kuna mgonjwa nyumbani, nunueni kimoja mkitundike chumbani kwake, ili msibishane kwa kukisia.

JE, KIMEKUFA KWELI?

Sasa tuje kwenye gharama. Swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kuchanga fedha ni hili: je, kiyoyozi kimekufa, au kimechafuka?

Ndani ya mashine ya ukutani mna chujio la plastiki linalokamata vumbi. Likiziba, hewa haipiti, chumba hakipoi, na umeme unaliwa bure. Chujio hilo hutolewa kwa mkono, huoshwa kwa maji, hukaushwa kivulini na kurudishwa. Kazi hiyo haina gharama na inafaa kufanywa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Mashine ya nje nayo huziba kwa vumbi, majani na hata viota vya ndege. Hapa kwetu kuna na chumvi ya bahari, ambayo hula chuma chake upesi kuliko bara.

Jambo la pili ni gesi. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba kiyoyozi "kimeisha gesi", kisha kinajazwa, na mwaka unaofuata kinajazwa tena. Yafaa tujue kwamba gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba miaka yote. Ikipungua, maana yake bomba linavuja mahali fulani. Fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi itakayorudi hewani. Mwambie atafute tundu kwanza, alizibe, ndipo ajaze.

Jambo la tatu ni umri. Kiyoyozi kilichotunzwa huweza kudumu miaka kumi hadi kumi na tano, na karibu na bahari pengine pungufu. Kikiwa cha zamani sana, huenda kinatumia gesi iitwayo R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Kufuatana na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, mataifa yalikubaliana kuiondoa gesi hiyo na nyinginezo za jamii yake, na nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeachana nayo karibu yote ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo upatikanaji wake utazidi kuwa mgumu. Na msikubali fundi aingize gesi ya aina nyingine katika mashine ya R22 eti "ni zile zile". Presha zake hazifanani, na mashine huweza kuharibika kabisa au kumuumiza mtu.

Kwa kifupi: kama kiyoyozi kina miaka michache na ubovu ni uchafu, waya au tundu dogo, kitengenezwe. Kama kina zaidi ya miaka kumi na kompresa yake imekufa, kwa kawaida kukitengeneza ni kutupa fedha.

BEI YA DUKANI NI MWANZO TU

Tuseme imeonekana kweli kwamba kimekufa. Familia ya yule bibi ilituonyesha karatasi ya fundi. Mashine ya BTU 12,000 ilikuwa 1,150,000. Mabomba ya shaba, waya, vyuma vya kushikilia na ufundi, 250,000. Kifaa cha kulinda mashine dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, 80,000. Jumla 1,480,000. Bei hupishana kati ya duka na duka na kati ya aina na aina, lakini angalieni jinsi zaidi ya 300,000 ilivyotoka nje ya mashine yenyewe. Kila mnapoulizia bei, ombeni ziandikwe moja moja namna hiyo, na muulize watu wawili au watatu kabla ya kukubali.

Lakini karatasi ile haikuwa na gharama kubwa kuliko zote, nayo ni umeme. Tupige hesabu pamoja.

Uniti moja ya umeme ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 huvuta kilowati 1.2 hivi pale kompresa inapozunguka. Kikiwashwa saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni saa tisa. Kompresa huzunguka na kupumzika. Tuchukulie inazunguka saa sita. Hapo zinaliwa uniti 7.2 kwa usiku mmoja, sawa na uniti 216 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa majumbani, LUKU ya 10,000 hutoa uniti 28 hivi kabla ya kodi ya jengo kukatwa, maana yake uniti moja ni shilingi 357 hivi. Kwa mwezi mmoja ni 77,000. Kwa miezi minne ya joto, Desemba hadi Machi, ni 308,000. Kikitumika mwaka mzima ni 924,000, yaani karibu bei ya mashine nyingine kila mwaka.

Aidha, zipo familia zilizo kwenye kundi la wateja wadogo, wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, ambao hulipa shilingi 122 hivi kwa uniti. Familia kama hiyo ikifunga kiyoyozi itavuka uniti 75 ndani ya siku kumi na moja za kiyoyozi peke yake, bila kuhesabu taa na friji. Itatolewa kwenye kundi hilo, na kuanzia hapo hata taa, redio na friji vitalipiwa kwa bei ya juu. Jambo hili halimo katika karatasi ya fundi, na limewashtua wengi.

Linganisheni na pangaboi. Feni ya darini huvuta wati 75 hivi. Ikizunguka saa tisa kila usiku kwa mwezi mzima inatumia uniti 20. Kwa bei ya shilingi 357 ni kama 7,200, na kwa mteja mdogo ni kama 2,500.

Hatusemi hayo ili kumcheka mwenye kiyoyozi. Tunasema hayo kwa sababu tumekwisha kuona wodini na kliniki mambo yanayotokea nyumba inapobeba mzigo isiouweza. Mgonjwa wa presha anakuja akiwa hajanywa dawa mwezi mzima, kwa kuwa fedha ilinunua LUKU. Kiyoyozi kinachokula fedha ya dawa hakimsaidii mgonjwa aliyenunuliwa.

NYUMBA IPUMUE KWANZA

Bibi alipokaribia kutoka, tulikaa na watoto wake kwenye benchi la nje ya wodi. Hatukuwaambia wasinunue kiyoyozi. Tuliwaomba jambo moja tu: mama asirudi katika chumba kile kilivyo. Wakaahirisha mashine na kutumia sehemu ya michango namna hii:

Kwanza, walibomoa matofali, wakarudisha dirisha la zamani na kuweka vioo vinavyofunguka kwenye la pili. Yote mawili yakawekewa wavu wa mbu na nondo. Madirisha yakiwa pande mbili za chumba, upepo unaingia huku na kutokea kule. Fundi na vifaa, 140,000.

Pili, walifunga pangaboi, 95,000 pamoja na ufundi. Shirika la Afya Duniani linasema feni inafaa pale hewa inapokuwa chini ya nyuzi 40. Hewa ikiwa moto zaidi ya hapo, feni inampulizia mtu joto. Kwa kawaida hapa pwani hatufiki huko, shida yetu ni unyevu, kwa hiyo feni hutusaidia sana. Mgonjwa akipanguswa kwa kitambaa chenye maji kisha feni ikampuliza, anapoa zaidi.

Tatu, waliweka dari chumbani kwa mama, 220,000. Bati likipigwa na jua linachoma kama kikaango, na asiye na dari analala chini ya kikaango hicho. Wakaacha matundu ya hewa chini ya paa ili hewa ya moto itoke.

Nne, walipaka bati rangi nyeupe upande wa juu, 110,000. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, bali bati lenye kutu au rangi nzito hunywa joto lote.

Jumla ni 565,000, na kila mwezi umeme wa pangaboi. Mambo mengine hayakugharimu kitu. Pazia la upande wa magharibi hufungwa jua linapogeukia huko alasiri. Madirisha hufunguliwa jioni hewa inapopoa. Jiko la mkaa lilihamishiwa uani. Mchana bibi hukaa barazani chini ya mwembe badala ya kujifungia ndani. Na mjukuu mmoja amepewa kazi ya kumpelekea bibi kikombe cha maji kila saa awapo macho. Wazee wetu walijua mambo haya. Walijenga nyumba za kuta nene, paa za makuti zinazopumua, baraza na uwanja wenye kivuli. Sisi tumejenga kwa bati na vioo, kisha tukategemea mashine itupoze.

NANI ANAHITAJI KIYOYOZI?

Wapo ambao hayo yote hayawatoshi, na kwao kiyoyozi ni sehemu ya matibabu. Mtu aliyeungua moto sehemu kubwa ya mwili hatoki jasho mahali penye makovu. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu huweza kupoteza uwezo wa kutoa jasho chini ya jeraha. Mgonjwa wa moyo uliochoka sana, ambaye hata maji ya kunywa amepimiwa, naye anaweza kushauriwa na daktari akae mahali pa baridi. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo isione aibu kununua, wala jirani asiseme wanajionyesha. Mkinunua, zingatieni haya:

1. Pozeni chumba kimoja cha mgonjwa, si nyumba nzima. Wakati wa joto kali, watoto na wazee wengine wanaweza kulala humo humo.

2. Nunueni mashine inayolingana na chumba. Kwa chumba cha mita tatu kwa nne, BTU 9,000 kwa kawaida zinatosha. Mashine kubwa mno hupoza haraka na kuzima kabla ya kuondoa unyevu, nanyi mnabaki na chumba cha baridi chenye majimaji.

3. Kama fedha inaruhusu, chagueni ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka. Ni ghali zaidi dukani, lakini kwa kawaida huokoa theluthi moja ya umeme au zaidi. Katika hesabu yetu ya juu, ni zaidi ya 25,000 kila mwezi.

4. Wekeni nyuzi 27 na muwashe feni pamoja nacho. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, chumba kitaonekana kimepoa kwa nyuzi 4 zaidi, na gharama ya umeme wa kupoza huweza kupungua hadi asilimia 70. Kuweka nyuzi 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Kunachelewesha tu kompresa kupumzika.

5. Mashine nyingi mpya zinatumia gesi ya R32, ambayo inaweza kushika moto. Anayefunga awe fundi aliyejifunza, na asivute sigara kazini.

6. Zaidi ya yote, msizibe madirisha. Umeme ukikatika au mashine ikifa, chumba lazima kiweze kufunguliwa usiku ule ule.

CHUMBA KILICHOFUNGWA NA MAGONJWA

Watu wengi wanadhani kiyoyozi kinaleta hewa mpya. Sivyo. Kiyoyozi cha ukutani kinachukua hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Kama humo ndani yumo mwenye kifua kikuu ambaye hajatibiwa, wote wanaolala naye wanavuta hewa yake usiku kucha. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aletwe apimwe makohozi, na chumba chake kifunguliwe hewa na mwanga viingie. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Ukungu nao hupenda mashine chafu na bomba la maji lililoziba. Mwenye pumu akizidiwa kila kiyoyozi kinapowashwa, anzeni kwa kusafisha.

Mtoto mchanga asielekezewe ubaridi, kwani hupoteza joto la mwili haraka. Mwenye siko seli vilevile: joto linalomkausha maji linamdhuru, na baridi ya ghafla inaweza kumwanzishia maumivu. Na chandarua kisiondolewe. Mbu hafi kwa ubaridi wa chumbani.

Umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua familia nzima usingizini.

Wanaotumia insulini wasiiache juu ya kabati chini ya bati. Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, lakini si kwenye barafu. Asiye na friji aifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye chombo cha udongo kilicholowanishwa nje, mahali penye kivuli na upepo. Chombo cha udongo hupoza, ingawa penye unyevu mwingi hupoza kidogo kuliko sehemu kavu. Kwa hiyo msichukue chupa nyingi kwa wakati mmoja.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Mtu aliyeanza kushindwa na joto husikia kizunguzungu, kichwa kinauma, anatoka jasho jingi, anachoka, anasikia kichefuchefu, na misuli inakaza. Mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mpeni maji kidogo kidogo na mmpepee.

Akianza kuchanganyikiwa, kuanguka, kutapika mfululizo au kupata degedege, na mwili ni wa moto, hiyo ni hatari ya kifo. Msisubiri asubuhi. Mvueni nguo za juu, mloweshe mwili wote kwa maji, mpepee kwa nguvu, wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu, huku mkitafuta usafiri. Asiye na fahamu asipewe kitu mdomoni. Panado haishushi joto la namna hii. Na msiamue nyumbani kwamba ni malaria au ni mapepo. Leteni mgonjwa apimwe.

Kwa wazee, kikombe cha maji kila saa, yapata lita mbili hadi tatu kwa siku, ni kiasi kizuri wakati wa joto. Wagonjwa wa moyo na figo wafuate kipimo walichopewa na daktari wao.

TUKUMBUKANE

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 55, alitaja viyoyozi kuwa mfano wa mazoea ya matumizi yanayoongezeka na kuidhuru dunia, nyumba yetu sote. Ni kweli kwamba mashine ya nje hutupa joto upande wa jirani, na jirani huyo mara nyingi ndiye asiye na hata feni. Hatuna budi kutumia kwa kiasi, na anayemhitajia mgonjwa atumie bila kusononeka.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo na akina mama wa WAWATA jambo moja. Miezi ya Desemba hadi Machi, mnapowatembelea wagonjwa na wazee kwa sala, ingieni mpaka chumbani wanapolala. Angalieni kama dirisha linafunguka. Angalieni kama kuna maji karibu na kitanda, mahali mkono wa mgonjwa unapofika. Pengine kazi ya vijana wa jumuiya kwa Jumamosi moja, kufungua dirisha na kupigilia wavu, itamwokoa mtu asifike kwetu.

Mtauliza, na yule bibi je, kiyoyozi kilinunuliwa? Bado. Watoto wake walitwambia fedha iliyobaki wameiweka benki kwa ajili ya dawa na vipimo vyake, na watapima tena joto la chumba kaskazi ijayo. Kikizidi nyuzi 32, watanunua kidogo cha BTU 9,000. Bibi mwenyewe, alipokuja kliniki mwezi uliopita, alitunong'oneza kwamba hakikumpendeza kamwe kile kiyoyozi. Kilikuwa kinamuumiza magoti, lakini aliona vibaya kuwaambia watoto.

Basi, wapendwa, kabla ya kumnunulia mzee wenu chochote, kaeni karibu naye na kumwuliza analalaje. Mungu azibariki familia zenu. Tukutane mwezi ujao.